Nani alisema aleji ya njugu ni ugonjwa wa wazungu?

Kuna sentensi tatu nimezisikia mpaka nimechoka. Mtu anasema hali njugu kwa sababu ana aleji, na kabla hajamaliza, kuna msee mezani anacheka: "Aleji ya njugu? Wewe umekuwa mzungu lini?" Wa pili anaongeza: "Sisi tumelelewa na njugu na hakuna aliyekufa." Halafu kuna wa tatu, na huyu ndiye hatari kabisa: "Onja tu kidogo, mwili utazoea."

Najua wengi husema hivyo kwa utani. Lakini kila moja ya hizo sentensi ina historia nyuma yake, na ukiifuata hiyo historia unakuta mbwa aliyekufa, madaktari waliojidunga sindano wenyewe, na karibu miaka 10 ya ushauri ambao baadaye ulifutwa. Kwa hivyo leo wacha tupitie hii story yote, kisha turudi mezani tukiwa na akili.

Njugu zenyewe ni wageni

Tunaongea kuhusu njugu kana kwamba zilianzia Homa Bay au Busia. Ukweli ni kwamba njugu karanga zilitoka Amerika Kusini. Watu wa eneo ambalo leo ni Bolivia na kaskazini mwa Argentina walianza kuzilima maelfu ya miaka iliyopita. Kule Peru, mwaka 1987, wanaakiolojia walifukua pale Sipán kaburi la mtawala wa watu wa Moche. Kati ya mapambo aliyozikwa nayo kulikuwa na mkufu wa maganda ya njugu yaliyotengenezwa kwa dhahabu na fedha. Njugu zilikuwa za kifalme, buda.

Wareno ndio waliozileta Afrika katika miaka ya 1500. Huku tayari tulikuwa na njugu mawe, zao la Kiafrika kabisa ambalo pia hukomaa chini ya udongo, kwa hivyo mgeni akapewa jina la mwenyeji. Leo ukisema "njugu" Nairobi, hakuna anayefikiria njugu mawe. Zile za kuuzwa kwa karatasi iliyokunjwa kwenye stage ya matatu ndizo zimechukua jina.

Jambo moja la kukumbuka: njugu si ndugu ya korosho. Njugu ni jamii ya kunde, familia moja na maharagwe na dengu. Mtu mwenye aleji ya njugu anaweza kula korosho bila shida, na mwingine asiweze, kwa sababu kuna watu wenye aleji ya zote mbili. Hilo linajulikana kwa vipimo vya daktari. Usimkisie mwenzako.

Mbwa aliyeitwa Neptune

Sasa twende kwa ile sentensi ya tatu, "mwili utazoea". Kuna watu waliwahi kuijaribu kisayansi.

Mwaka 1901 Albert I, mtawala wa Monaco, alikuwa na meli yake ya utafiti baharini. Ndani yake kulikuwa na wanasayansi wawili Wafaransa, Charles Richet na Paul Portier. Walitaka kuelewa sumu ya viumbe wa bahari wanaochoma ngozi, wale jamaa wa konyeza. Waliporudi Paris waliendelea na sumu ya anemoni wa baharini wakitumia mbwa. Wazo lao lilikuwa kama la chanjo: mpe mbwa sumu kidogo, mwili wake ujifunze kujikinga, halafu siku nyingine ukimpa tena hataumia.

Mmoja wa mbwa hao aliitwa Neptune. Alipewa kipimo kidogo na hakuonyesha shida ya maana. Baada ya kama wiki tatu akapewa tena kipimo kidogo. Badala ya kuwa na nguvu zaidi, alishindwa kupumua, akaanguka, na dakika 25 baadaye alikuwa amekufa. Mwili ulikuwa umejifunza kweli. Ila somo ulilojifunza lilikuwa la kujiua.

Richet na Portier waliandika matokeo yao mwaka 1902 na kuiita hali hiyo anafilaksisi, kwa maana ya kinyume cha kinga. Mwaka 1913 Richet alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwa hivyo ukimwambia mtu mwenye aleji aonje kidogo azoee, ujue wazo lako lilijaribiwa zaidi ya miaka 120 iliyopita na tunajua lilivyoisha.

Neno "aleji" lenyewe lilikuja mwaka 1906. Clemens von Pirquet, daktari wa watoto kule Vienna, aliliunda kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "nyingine" na "kazi". Alitaka neno la kusema mwili unaweza kukutana na kitu halafu ukabadilika namna unavyokijibu. Kwa Kiswahili tunasema mzio, na ni neno zuri. Kuziwa kitu ni kukatazwa kukila. Wazee walijua kuna watu ambao chakula fulani hakiwafai, hata kama hawakuwa na maabara.

Ndani ya damu kuna nini?

Swali likabaki: ni kitu gani mwilini kinachofanya haya yote? Mwaka 1921 Heinz Küstner, daktari Mjerumani, hakuweza kula samaki bila mwili kulipuka. Mwenzake Carl Prausnitz alikula samaki bila tatizo. Prausnitz akachukua majimaji ya damu ya Küstner, akajidunga chini ya ngozi yake mwenyewe, na siku iliyofuata akadunga protini ya samaki mahali hapohapo. Ngozi ikafura. Ndani ya damu ya Küstner kulikuwa na kitu kinachobeba aleji, na kinaweza kuhamishwa kwa mtu mwingine.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 kukikamata hicho kitu. Mwaka 1966 mke na mume kutoka Japani, Teruko na Kimishige Ishizaka, walikitambua wakiwa Denver, Marekani. Mwaka uliofuata kundi la Uppsala, Uswidi, likakipata pia kwa njia yake. Mwaka 1968 kikapewa jina: imunoglobulini E, au IgE.

Hivi ndivyo inavyofanya kazi, kwa lugha ya mtaa. Fikiria soja wa geti aliyepewa picha ya mtu mbaya, lakini picha imekosewa. Ni ya jirani anayeleta maziwa kila asubuhi. Mara ya kwanza soja anaichukua picha na kuiweka mfukoni, hakuna kelele. Mara ya pili jirani akifika, soja anapiga king'ora, anamwaga gesi ya machozi ploti nzima, na wanaoumia ni wapangaji. IgE ndiyo ile picha. Hukaa juu ya seli zilizojaa kemikali kama histamini. Protini ya njugu ikifika, seli zinamwaga kila kitu kwa wakati mmoja: ngozi inawasha na kufura, koo linabana, mapafu yanakaza, presha inashuka.

Ndio maana mtu anaweza kuwa alikula njugu zamani bila shida, halafu siku moja mambo yabadilike. Na ndio maana hili halifanani na sumu kuvu, ile aflatoksini ya kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa vibaya. Sumu kuvu inamdhuru yeyote. Kwenye aleji njugu ziko sawa kabisa, ni mwili wa huyu mmoja unaozisoma kama adui.

Watoto 13

Bahati nzuri, dawa ilikuwa imepatikana mapema. Mwaka 1901, mwaka uleule wa ile meli ya Monaco, Mjapani Jokichi Takamine alitangaza kwamba amefaulu kutenga adrenalini katika hali safi. Adrenalini inapandisha presha, inafungua njia za hewa na kupunguza uvimbe. Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha kalamu ya sindano ambayo mtu wa kawaida anaweza kujidunga pajani mwenyewe.

Lakini kuwa na dawa ni jambo moja, kuipata kwa wakati ni jambo lingine. Mwaka 1992 Hugh Sampson na wenzake kule Marekani walichapisha uchunguzi wa watoto na vijana 13, wa miaka 2 hadi 17, waliopata shambulio kali la aleji ya chakula. Sita walikufa. Saba waliponea chupuchupu. Wote 13 walijulikana kuwa na aleji ya chakula, na wote walikula bila kujua kilichokuwa ndani ya peremende, biskuti na keki. Kumi na wawili kati yao walikuwa na pumu.

Wale saba waliopona, sita walipata adrenalini ndani ya dakika 30. Wale sita waliokufa, ni wawili tu walioipata ndani ya saa ya kwanza. Soma hiyo tena polepole, kwa sababu kila kitu nitakachosema mwishoni kinatoka hapo.

Miaka ya "usimpe mtoto njugu"

Aleji ya njugu ilikuwa inaongezeka nchi za magharibi. Marekani, kwa mfano, utafiti wa simu ulionyesha watoto wenye aleji hiyo walitoka asilimia 0.4 mwaka 1997 hadi 1.4 mwaka 2008. Watu waliogopa, na wakuu wa afya wakatoa ushauri uliosikika kuwa wa busara: mwaka 1998 Uingereza, na mwaka 2000 Marekani, familia zenye historia ya mizio ziliambiwa wawaepushe watoto na njugu mpaka wafike miaka mitatu. Wazazi walitii. Aleji haikupungua.

Hapo akatokea Gideon Lack, daktari wa aleji wa London. Alikuwa Israel akiongea na madaktari wenzake, akauliza ni wangapi wamewahi kutibu mtoto mwenye aleji ya njugu. Kwao London mikono mingi ingeinuka. Pale iliinuka michache sana. Akajiuliza tofauti iko wapi. Ilibainika kwamba watoto wa Israel hulishwa mapema sana vitafunio vinavyoitwa Bamba, vya mahindi na siagi ya njugu, vinavyoyeyuka mdomoni. Mwaka 2008 yeye na wenzake walilinganisha watoto wa Kiyahudi wa nchi hizo mbili. Uingereza waliokuwa na aleji ya njugu walikuwa asilimia 1.85. Israel, asilimia 0.17. Mara kumi hivi.

Mwaka huohuo Marekani iliufuta ushauri wake. Lack naye akafanya jaribio lenyewe. Watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wakiwa na ukurutu mkali au aleji ya mayai, waligawanywa: kundi moja likala njugu mara kwa mara, lingine likaziepuka mpaka miaka mitano. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Walioepuka, asilimia 17.2 walipata aleji. Waliokula, asilimia 3.2. Kufikia mwaka 2017 ushauri rasmi wa Marekani ulikuwa umegeuka kabisa: anza mapema.

Kwa hivyo yule wa sentensi ya pili, "tumelelewa na njugu", ana pointi. Inawezekana uji wenye njugu ambao mama zetu walitupa tukiwa wadogo ulifanya kazi bila wao kujua. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kumpa mtoto mchanga njugu zilizosagwa laini ndani ya uji (kamwe si nzima, zitamkaba) ni kuzuia aleji kabla haijaanza, na mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza. Mtu ambaye tayari ana aleji ni habari nyingine kabisa. Huyo soja wake ana picha mfukoni tayari.

Na ndiyo, kuna matibabu ya kumzoesha mtu kidogo kidogo. Mwaka 1908 daktari Mwingereza, Alfred Schofield, aliandika kuhusu mvulana wa miaka 13 aliyezoeshwa mayai kwa vipimo vidogo mno kwa miezi mingi. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya aina hiyo kwa njugu, na mwaka 2024 sindano inayoikamata IgE yenyewe. Hayo yote hufanywa chini ya daktari, kwa vipimo vya miligramu, na dawa ya dharura ikiwa tayari. Njugu za mkononi mwako pale kwenye matatu si matibabu.

Na sisi Waafrika je?

Tumefika kwa sentensi ya kwanza. Afrika Kusini watafiti waliwapima watoto wadogo wa Cape Town na wa vijijini Eastern Cape, na si kwa kuuliza maswali tu, bali kwa kuwapa chakula mbele ya daktari. Mjini, waliokuwa na aleji ya chakula walikuwa asilimia 2.5. Kijijini, asilimia 0.5. Njugu zilikuwa kwenye orodha ya vyakula vilivyowadhuru. Hao ni watoto wa bara hili, na tofauti kubwa ilikuwa kati ya mji na kijiji. Sasa fikiria ni wangapi kati yetu tumezaliwa Nairobi, Nakuru, Kisumu au Mombasa, na wazazi wetu wamezaliwa shambani.

Ghana nako kuna funzo lingine. Watoto wengi wa shule walipopimwa damu walikuwa na IgE ya njugu, lakini wakila njugu hakuna kinachotokea. Watafiti waligundua inahusiana na kichocho: mwili ulikuwa unapigana na minyoo ya kichocho, na silaha hizo zilionekana kwenye kipimo kama aleji ya njugu. Maana yake ni kwamba kipimo cha damu peke yake hakitoshi kwetu. Usikubali kuandikiwa aleji, au kufutiwa, kwa karatasi ya maabara tu bila daktari kukuuliza kilichotokea ulipokula.

Kwa hivyo aleji ipo huku. Kinachokosekana ni watu wa kuitambua. Mtu akifura midomo usiku na kukata pumzi, ni rahisi mtaa kusema alirogwa au aliwekewa kitu kwa chakula, na hakuna atakayeuliza kama kulikuwa na njugu kwenye mchuzi.

Mimi hili linanigusa kwa sababu ya binamu yangu, ambaye yuko shule ya bweni. Njugu zilimlaza hospitali akiwa na miaka sita. Siku ya kuripoti kidato cha kwanza, shangazi alimweleza mhusika wa bweni. Akajibiwa, "Mama, hapa hakuna kuchagua chakula." Asubuhi uji ni wa unga uliochanganywa na njugu. Binamu yangu haunywi. Na bwenini, mkebe wa siagi ya njugu ndio utajiri, kila sanduku lina wake, kijiko kimoja kinazunguka vitanda vitano. Amejifunza kulala na kijiko chake chini ya mto. Mtoto wa miaka 15 asibebeshwe hiyo kazi peke yake.

Tukirudi mezani

Njugu hujificha. Ziko kwenye unga wa uji, kashata, chevda, mchuzi wa omena au matumbo wa kule magharibi, kisamvu, chokoleti, smuthi za mtaani. Tangu 1999 viwango vya kimataifa vya Codex vinataka njugu zitajwe kwenye lebo ya chakula cha paketi, kwa hivyo soma lebo kila mara, hata ya kitu ulichozoea. Chakula cha kibandani hakina lebo, kwa hivyo uliza: "Umeweka njugu? Mwiko huu umetoka kwa sufuria gani?" Na wewe unayeuza, ukiulizwa usikasirike. Kama hujui, sema hujui.

Dalili huanza ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya saa mbili kuisha. Vipele na midomo kufura peke yake, kaa naye macho. Akianza kukohoa, sauti kukwaruza, pumzi kubana, kutapika mfululizo au kizunguzungu, hiyo ni dharura. Kama ana kalamu ya adrenalini, adungwe paja upande wa nje mara moja, hata juu ya suruali. Mlaze, inua miguu. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mkalishe, lakini asisimame wala kutembea. Tafuta gari, si boda. Maziwa hayasaidii, makaa hayasaidii, na tembe za piriton hupunguza kuwashwa tu, hazifungui koo. Ukifika hospitali sema wazi: "Ni aleji ya njugu, hawezi kupumua." Hata akipata nafuu, abaki aangaliwe saa kadhaa, kwa sababu shambulio linaweza kurudi.

Hizo kalamu ni ghali na hutazipata kila famasi hapa kwetu. Lakini adrenalini ya kichupa ni dawa ya bei ya chini, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na muuguzi anajua kuidunga. Sioni sababu ya shule ya bweni yenye sanatoriamu na muuguzi kukosa kichupa hicho, sindano, na orodha ya wanafunzi wenye mizio ukutani. Ukiwa kwenye baraza la wanafunzi, hilo ni ombi unaloweza kulipeleka muhula huu.

Na mtu akisema mezani kwamba ana aleji, usimuulize amekuwa mzungu lini. Muulize dawa yake iko mfuko gani, na hospitali ya karibu ni gani. Halafu songeza hizo njugu zako kando, unawe mikono, muendelee na story.